Jiwe Kwenye Kikombe cha Tano

Niwakumbushe tulipoachia, maana hata mimi mwenyewe kichwa changu kinapotezaga njia, na kuna wengine wenu leo ndio mnanikuta. Karibuni. Vuteni kigoda.

Mwaka wa sabini na nne ilikuwa operesheni ya kuhamia vijijini. Mimi Werema nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Kaka yangu mkubwa, Wanzagi, akakataa kuhama pale ziwani. Alisema kaburi la baba haliwezi kupanda lori. Akajificha.

Wakubwa wa operesheni wakaniuliza, yuko wapi? Nikaonyesha kwa kidole. Hiki hiki ninachobania kalamu.

Wanzagi alivyowaona wanakuja akarukia mtumbwi, akapiga kasia kwenda kisiwa cha Rukuba. Mchana, na upepo umechafuka. Kesho yake nikakuta mtumbwi umepinduka kwenye mawe, na kofia yake imenasa kwenye matete. Mwili sikuuona. Kofia nikaizika pembeni ya baba. Mtumbwi nikausukuma majini, ukaenda zake.

Nikarudi kwa mama, nikamwambia, "Yupo Rukuba, anavua. Anakusalimia."

Hapo ndipo niliwaacha.

Sasa uongo wa namna ile ukishauanza, unataka kulishwa. Kila mwisho wa mwezi nilikuwaga naenda Musoma sokoni, nanunua sato au ningu, nampelekea mama. "Wanzagi amekutumia." Mama yangu, Mbuke, alipofuka macho mwaka wa hamsini na nane. Basi anampokea samaki, anampapasa kwa vidole kutoka kichwani mpaka mkiani, taratibu, kama anamtafuta mtu. Halafu anasema, "Asante, mwanangu."

Anayepika huyo samaki ni Ursula, mke wa Wanzagi. Tulimchukua akakaa na sisi kijiji kipya, njia ya kwenda Butiama. Anapika huku ananiuliza, "Shemeji, hajasema anarudi lini?"

"Anasema mpaka mambo yapoe."

"Mbona mambo yameshapoa?"

"Kwake bado."

Na samaki tunakula wote. Mimi nala, mwiba unakaa kooni siku mbili.

Tangu hapo kofia sikuweza kuvaa. Mke wangu, Eufrasia, aliniletea moja nzuri ya kahawia. Nikiiweka kichwani naona kama imeloa ndani. Naivua, naitazama, ni kavu. Naiweka tena, imeloa. Mpaka leo na uzee huu natembeaga kichwa wazi, wajukuu wanafikiri ni maringo.

Basi. Ikafika mwaka wa sabini na sita, Uhuru unatimiza miaka kumi na tano. Mdogo wetu Clementi akaja kutoka Bunda. Yeye alikuwa na kibarua kwenye kinu cha pamba, amepanga pale Manyamanyama, mjini mjini kidogo. Clementi akifika mahali lazima alete kitu kipya. Hata ugonjwa, anautangulia.

"Kaka," akaniambia, "mwaka huu tusinywe pombe moja wote kama ng'ombe kwenye josho. Tufanye mashindano."

"Ya nini?"

"Ya kuchanganya vinywaji. Nimeona Mwanza kwenye hoteli, wanaitaga kokteli. Mtu anachukua hiki, anachukua kile, anatia kwenye chupa, anaitikisa kama anamtikisa mtoto aliyekabwa na mahindi."

Eufrasia akacheka. "Na akishinda anapata nini?"

"Jogoo la kaka. Lile jekundu."

"Jogoo langu halijaomba kushindaniwa," nikasema.

"Halafu ni sikukuu ya Uhuru, au sio?" Clementi akaendelea. "Basi tufuate rangi za bendera. Rangi nne, na sisi wachanganyaji wanne. Anayehukumu ni mama. Haoni, hatapendelea mtu."

Mama akajibu kutoka mlangoni kwake, "Sawa. Hiyo bendera yenu sijawahi kuiona. Acha niionje."

Tukagawana. Eufrasia kijani. Justina, dada yetu aliyeolewa Musoma, anakaa Kitaji, akapewa njano. Clementi akajichagulia bluu mwenyewe. Ikabaki nyeusi, ikawa ya Ursula.

Ursula akasema, "Nyeusi? Mnataka kunifanya mjane?"

Wakacheka wote. Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu. Siku hiyo sikuwa nimevaa kiatu.

Kabla sijaendelea, wacha niwaambie mambo ya kwetu, mawili tu, mtayahitaji huko mbele.

La kwanza. Kwetu mtu akikuletea kinywaji anaonja yeye kwanza mbele yako. Tunaitaga kutoa uchawi. Asipoonja, humwoni kama mwenyeji, unamwona kama adui.

La pili. Kikombe cha marehemu hunywi moja kwa moja. Unadondosha chini mara tatu, yake, halafu ndio unakunywa. Lakini mtu aliye hai hadondoshewi. Ukimdondoshea, umemzika.

Na kuna jambo la Wanzagi mwenyewe. Kila sikukuu alikuwaga na kinywaji chake. Anachukua wanzuki, ile pombe ya asali, anatia ukwaju. Halafu anatoa jiwe lake, dogo kama yai la kanga, jeusi na mstari mweupe kiunoni. Aliliokota ziwani akiwa mtoto. Analichoma motoni mpaka linakuwa jekundu, analitumbukiza kwenye kikombe. Tssss! Harufu ya asali iliyoungua inajaa boma zima. Hakuna mwingine aliyekuwa anafanya hivyo. Na lile jiwe hakumwachia mtu, linakaa mfuko wa kaptula. Siku anarukia mtumbwi niliona mfuko unavyoning'inia. Aliondoka nalo.

Haya. Siku ikafika, Desemba tisa. Asubuhi tukasikiliza redio kwa jirani, tukapiga makofi na sisi. Mchana tukakaa uwanjani kwangu, chini ya kivuli cha nyumba. Mama kwenye kigoda chake, miguuni tumemtandikia ngozi ya ng'ombe, kavu, ile ukiidondoshea hata punje inalia. Mbele yake meza, na juu ya meza vikombe vya bati tulivyoazima kwa mwalimu, vyote namna moja, vimefunikwa vipande vya jani la mgomba kwa sababu ya nzi.

Mimi kama mwenye boma nikafungua. Nikashika kikombe cha pembeni, cha baba. Nikadondosha kwenye ngozi. Ta. Ta. Ta. Nikanywa. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Leteni bendera," akasema.

Eufrasia akaanza na kijani. Maji ya majani ya maboga, limau, sukari ya mgao aliyoificha tangu Oktoba. Akaonja, akampa.

Mama akasikilizia mdomoni. "Hii ni mboga iliyoenda shule."

"Ni nzuri au mbaya, mama?"

"Imeenda shule, nimesema. Leta nyingine."

Njano ya Justina ilikuwa maembe na pasheni, na ndani kuna kitu kikali kwenye chupa ndogo, alikitoa mjini, hataki kusema jina. Mama akanywa, akanywa tena, akataka tena.

"Mama, ni ya kuonja!"

"Si naonja? Ulimi wangu ni mzee, unachelewaga kufika."

Ikaja bluu. Clementi akaonja kwa mbwembwe, akatabasamu. Justina akapiga kelele, "Jamani meno yake! Meno yamevaa sare!"

Mama akaonja kidogo, akatema pembeni. "Clementi. Hii sio ya kunywa. Hii ni kanga yangu siku ya kufuliwa. Umetia bluu ya kufulia?"

"Kidogo tu, mama. Ncha ya kijiko."

"Kesho ukienda haja, utafua na suruali."

Tulicheka mpaka Eufrasia akashika ubavu. Na mimi nilicheka. Naliandika hilo kwa sababu ndio mara ya mwisho kwenye boma lile.

Ikaja nyeusi. Ursula alikaanga ulezi mpaka ukaungua, akaupika uji mwembamba, akatia sukari aliyoichoma. Mama akanywa polepole. Hakufanya utani.

"Hii ina uchungu wa mtu anayesubiri," akasema. "Imeshinda hii. Mpeni jogoo."

Clementi akainuka kwenda kukamata jogoo. Mama akanyoosha mkono mezani. "Bado. Kuna kikombe kingine."

"Vimekwisha, mama. Vilikuwa vinne."

"Vitano. Nimevihesabu kwa vidole mlipokuwa mnacheka."

Tukatazama. Kweli. Pale mwisho wa meza, upande wa mama, kikombe kimefunikwa jani. Nikamtazama Eufrasia, Eufrasia akanitazama. Hakuna aliyejua.

Mama akakivuta, akafunua, akakinusa. "Nusa wewe, Ursula."

Ursula akainama. Akajishika mdomo. Hata kabla hajasema harufu ilikuwa imeshanifikia. Asali iliyoungua, na ukwaju.

"Ya Wanzagi," Ursula akasema. "Mama, hii ni ya Wanzagi!"

Clementi akaruka juu. "Amerudi! Si niliwaambia? Huyu kaka anapenda mzaha, amekuja kutoka Rukuba amejificha atuchungulie! Kaka! Kaka Wanzagi, toka huko!" Akakimbia nyuma ya nyumba anaita. Justina akapiga vigelegele. Eufrasia anacheka na kulia pamoja. Ursula anajifuta uso kwa kanga, anajitengeneza nywele, kama msichana aliyeambiwa wageni wamefika.

Boma zima lina furaha. Mtu mmoja tu anajua kofia iko wapi.

Jamani, mimi sijawahi kuhisi baridi kama ile, na jua lilikuwa la saa nane.

"Mwenyewe bado hajaonekana," mama akasema. "Nani atanitolea uchawi?"

Mama akageuza uso upande wangu.

"Werema. Wewe ndiye unamwonaga kila mwezi. Wewe ndiye unaniletea salamu zake. Onja."

Nikikataa, nimesema namwogopa kaka yangu. Na mtu anamwogopaje kaka aliyemtumia samaki juzi? Nikakipokea. Kikombe kilikuwa cha moto. Nikasema moyoni, ni jua. Nikakiinamisha kidogo, kitu kikagonga bati ndani. Kling.

Huko nyuma Clementi anaita, "Kaka! Tumekuona! Toka!"

Mkono wangu, wasomaji wangu. Mimi sikuutuma. Miaka mingi nimekuwa nikishika kikombe cha baba, na mkono una kumbukumbu yake. Kichwa changu kinasema, kunywa haraka. Mkono ukaenda pembeni.

Ta.

Ta.

Ta.

Ngozi ikalia mara tatu. Vigelegele vya Justina vikakatika katikati.

"Umemwagia nani?" mama akauliza.

"Mkono umetetemeka, mama."

"Mkono ukitetemeka unamwaga ovyo. Wewe umedondosha tatu. Sasa hivi ulimdondoshea baba yako hivyo hivyo."

"Mama, ni uzembe tu, nimezoea..."

"Umezoea kumdondoshea nani?"

Ursula akasimama mbele yangu. Nywele alizokuwa anatengeneza bado amezishika. "Shemeji. Umemdondoshea mume wangu?"

Nikatazama ile ngozi iliyoloa.

Mama akaweka mikono magotini. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wanzagi tangu mtoto anapasuaga samaki mgongoni. Nimemchapa aache, hakuacha. Samaki zako zote zimepasuliwa tumboni, Werema. Miaka miwili nazipapasa. Mwezi wa kwanza tu nilijua hazijatoka kwake."

"Sasa mama, mbona ulikuwa unasema asante mwanangu?"

"Wewe sio mwanangu? Nilikuwa nakushukuru wewe. Nikasema, huyu anahangaika mpaka Musoma ili mama yake asilie, nimpe muda, ataongea mwenyewe. Mwaka ukaisha. Wa pili unaisha. Leo nimechoka. Hicho kikombe nimekiweka mimi. Nilitaka nijue utamnywea mtu hai au utamnywea marehemu."

Mtanicheka. Niliposikia vile nilipumua. Nilikuwa nafikiri ni mzimu, kumbe ni mama. Nikakaa chini kwenye ngozi, nikasema yote. Kidole. Wakubwa wa operesheni. Upepo. Mtumbwi kwenye mawe. Kofia.

Nyuma ya nyumba Clementi amefika zizini. "Kaka! Mama anakuita! Kinywaji kinapoa!"

Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ursula hakulia. Angelia ningemshika mkono. Akaniuliza, "Kofia umeizika wapi?"

"Pembeni ya baba. Kule ziwani."

"Kwa hiyo kila nilipouliza anarudi lini, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Miaka miwili nimekupikia samaki hizo, Werema."

Werema. Tangu aolewe na kaka yangu alikuwa hajawahi kuniita jina. Ilikuwa shemeji, shemeji. Siku ile akanirudishia jina langu kama mtu anayerudisha sufuria alilokuwa ameazima.

Eufrasia, mke wangu, akavuta kigoda chake akasogea. Si kwangu. Kwa Ursula.

Mama akanipapasa kichwani, kutoka utosini mpaka shingoni, taratibu, kama anavyopapasaga samaki. "Umeniua na umenilea," akasema. "Sijui nikufanye nini. Nitafikiri. Lakini kwa jiwe nakushukuru. Nilipoinusa nikasikia moto. Nikasema, Werema amekutana na kikombe changu, moyo umemrudi, amemwekea kaka yake jiwe."

"Jiwe gani, mama?"

"Si hilo lililo ndani."

"Si wewe uliyeweka?"

"Mimi na macho haya nichome jiwe? Mimi nilitia wanzuki na ukwaju, basi. Asubuhi, chumbani kwangu. Ilikuwa ya baridi."

Tukatazamana. Justina akasema yeye hajagusa. Eufrasia akasema jikoni hajaingia tangu tutoke kwenye redio. Ursula akatikisa kichwa tu.

Nikakimimina kile kikombe. Pombe ikaenea kwenye ngozi, bado inatoa moshi. Halafu jiwe likaanguka, likabingirika, likasimama kwenye kidole cha mguu wa mama. Mama akavuta mguu. Lilikuwa linaunguza.

Dogo kama yai la kanga. Jeusi. Mstari mweupe kiunoni.

Ursula akapiga magoti. Akalishika hivyo hivyo na moto wake, akalifumbata, hakusema hata "ah". Akageuka kutazama jikoni. Na sisi tukatazama. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye paa la jiko, mahali ambapo moto ulizimwa tangu asubuhi.

"Kaka!" Clementi yuko huko huko, nyuma ya jiko. "Kaka Wanzagi! Kaka!"

Halafu akaacha kuita.

Tukasikia anasalimia.